Mashine ya oksijeni ya baba ilikuwa inajizima, tukamshuku mdogo wetu. Volti na ampea zilivyotuonyesha kilichokuwa juu ya dari

Wakuu, salaam.

Mimi huwa nasoma tu humu, nacheka, naondoka. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mdau alifungua uzi akisema fizikia ya shule ilimpotezea muda, eti ile V = IR haijawahi kumsaidia chochote tangu amalize form four. Wengi wakamuunga mkono. Nikashindwa kupita kimya.

Ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu Buganguzi, wilaya ya Muleba. Majina ya ndugu zangu nimeyabadilisha. Mengine yote nimeyaacha kama yalivyokuwa, maana yenyewe yanatosha bila kutiwa chumvi.

Ni ndefu kidogo, mnisamehe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari. Nimepanga Kashai, hapa Bukoba mjini. Nyumbani tumezaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa, nimwite Elisha, yuko Dar kikazi miaka mingi. Mimi ni wa pili, nyumbani wananiita Koku. Kitinda mimba ni Justus.

Mama alishatangulia. Baba, ambaye sisi Wahaya tunamwita Tata, ndiye aliyekuwa amebaki pale nyumbani na kibanja chake cha migomba na kahawa.

Justus alikuwa akifanya biashara ya samaki, anavuka kwenda visiwani, analala huko, anarudi na mzigo. Tata alipoanza kuumwa, Justus aliacha visiwa akarudi nyumbani na mke wake, Jonesia. Hakuna aliyemwambia. Alirudi tu, akashika jembe, na akaanza kumuogesha baba yake.

Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Ugonjwa wa Tata ulikuwa wa mapafu. Alilazwa Bukoba muda mrefu. Mwishowe daktari akatuita, akatuambia bila kuzungukazunguka kwamba mapafu yale hayatarudi kuwa kama zamani. Kilichobaki ni kumsaidia apumue. Akasema tunaweza kumuuguzia nyumbani kama tutapata mashine ya oksijeni.

Kwa wasioijua, hii si mtungi. Ni mashine ya kuchomeka kwenye soketi, inavuta hewa ya kawaida, inaichuja, inatoa hewa yenye oksijeni nyingi kupitia mrija wa puani. Haiishiwi kama mtungi. Ila bila umeme ni boksi tu.

Elisha akaitafuta Dar, akaituma kwa basi. Tata aliposikia anarudi nyumbani, alifurahi kama mtoto. Alisema maneno ambayo sisi watoto hatukupenda kuyasikia:

"Kama ni kufa, nifie kwangu. Dirisha langu linaangalia kahawa yangu."

Chumba hicho kiko upande wa nyuma, katika vyumba vilivyoongezwa baada ya nyumba kubwa kujengwa. Huko nyuma hapakuwa na umeme. Justus akauvuta mwenyewe, kutoka nyumba kubwa, kupitia juu ya dari ya korido, hadi chumbani kwa Tata na jiko la pembeni yake, yaani kale kajiko kadogo ambako Jonesia alikuwa anachemshia maji na uji wa mgonjwa.

Tata akarudi nyumbani. Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri.

Kisha mashine ikaanza kujizima.

Inalia pii, pii, pii, taa nyekundu inawaka, inakata. Justus anaizima kabisa kwenye swichi, anasubiri, anaiwasha tena, inafanya kazi. Baadaye inarudia. Tata anapitia dakika ambazo mtu mzima hatakiwi kuzipitia, midomo inabadilika rangi, mabega yanapanda na kushuka.

Sasa hapo ndipo shetani alipopata mlango wa kuingilia kwenye familia.

Shangazi yetu alikwenda kumtembelea Tata jioni moja. Alipoingia chumbani akamkuta Justus amesimama, mkono uko kwenye swichi ya mashine, mashine iko kimya, Tata anahema juu juu. Shangazi hakuuliza. Alitoka nje, akampigia Elisha.

Jioni iliyofuata Elisha akapiga simu ya video ghafla. Akaona mashine imezimwa. Akauliza, "Nani kaizima?"

Justus akajibu, "Inajizima yenyewe, kaka."

"Inajizima yenyewe jioni tu? Mbona mchana nikipiga inafanya kazi?"

Ni kweli ilikuwa inakata asubuhi na jioni. Mchana ilikuwa inaunguruma bila shida.

Basi Elisha akanipigia mimi. Wakuu, sitasahau sauti yake. Alisema Justus anabana umeme. Anazima mashine ya baba ili uniti za LUKU zisiishe haraka. Na akaongeza kitu ambacho ndugu hatakiwi kukisema juu ya ndugu yake, kwamba huenda Justus amechoka kuuguza na anataka yaishe.

Akasema gari litakuja Jumapili kumrudisha Tata hospitali Bukoba. Ameshaongea na mtu.

Nilimwambia, "Kaka, nipe Jumamosi niende mwenyewe."

Akasema, "Nenda ukamuulize. Wewe atakwambia."

Nilikata simu nikakaa kitandani. Kumuuliza Justus nini? Kama amezima pumzi ya baba yetu? Swali kama hilo ukishamuuliza mdogo wako, hata akijibu hapana, mnakuwa mmeshaharibu kitu.

Nikaamua sitamuuliza mtu kabla ya kuuliza umeme.

Nina multimeter yangu ya kawaida, ya kupima volti. Chini ya chumba ninachopanga kuna fundi wa kutengeneza redio na TV, tunaheshimiana. Nikamuomba clamp meter. Hii ni mita yenye taya kama koleo: unaubana waya katikati ya taya zake na inakusomea ampea bila kukata waya wala kugusa shaba. Akanipa, akasema, "Mwalimu, usisahau kubana waya mmoja tu."

Jumamosi asubuhi nikapanda gari ya Muleba.

Nilifika Jonesia akiwa ananyonyesha barazani. Justus alikuwa shambani, akaja mbio miguu ina udongo. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa. Tulisalimiana, lakini alikuwa hanitazami usoni. Alijua nimetumwa.

Tata alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Mrija uko puani, mashine inaunguruma kama kawaida. Nilipiga magoti nikamsalimu. Akanishika kichwa, akaitikia salamu kwa Kihaya na kuuliza kwa kukatakata, "Kasinge, Koku. Umekuja... kunichukua?"

Nikamwambia, "Nimekuja kukuona, Tata. Na kuona mashine yako."

Sasa wakuu, hapa naingia kwenye hesabu kidogo. Wale mliosoma sanaa, akina HKL, msikimbie, ni kugawanya na kuzidisha tu.

Umeme una mambo matatu ya msingi. Volti ni msukumo. Ampea ni kiasi kinachopita. Omu ni ugumu wa njia. Ukitaka kujua ugumu wa njia, unachukua volti unagawanya kwa ampea. Ukitaka kujua nguvu inayotumika mahali, yaani wati, unachukua volti unazidisha kwa ampea. Ni hivyo tu. Huo ndio uchawi wote.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba hata waya ni njia yenye ugumu wake. Waya mzima una ugumu mdogo mno, ndiyo maana tunaupuuza. Ila ukiwa na kasoro, unaanza kula msukumo njiani, na kile kitu kilichoko mwisho wa waya kinapata mabaki.

Nilianza na soketi ya chumbani kwa Tata, mashine ikiwa inafanya kazi peke yake. Volti mia mbili na kumi na kitu. Siyo mbaya. Kwa umeme wa kijijini ningeridhika kabisa na kwenda zangu. Mafundi wengi wangeishia hapo, na mimi ningemrudia Elisha na jibu kwamba umeme ni mzima.

Lakini nikajiuliza, asubuhi na jioni kuna nini ambacho mchana hakipo?

Nikamuuliza Jonesia, "Mdogo wangu, Tata anaoga saa ngapi?"

"Asubuhi na jioni, dada."

"Maji unachemshia wapi?"

Akanionyesha jagi la umeme, lile la wati elfu mbili, liko pale kwenye kajiko, upande wa pili wa ukuta wa Tata. Akasema, "Siku hizi linachelewa sana kuchemka. Nadhani limezeeka."

Wakuu, hapo nikaanza kuona njia.

Jagi halizeeki hivyo. Jagi ama linachemsha, ama limekufa.

Nikarudi kwa Tata nikamweleza ninachotaka kufanya. Nikamwambia nataka jagi liwashwe wakati mashine inafanya kazi, nipime, na kwamba mashine itakata kwa muda mfupi. Sikutaka kumfanyia hivyo bila ruhusa yake.

Akasema, "Pima. Mimi... nitavumilia."

Justus nikampa multimeter, nikamwonyesha jinsi ya kuchomeka kwenye soketi ya chumbani, nikamwambia akisikia nasema sasa, asome namba kwa sauti. Mimi nikaenda nyumba kubwa, kwenye boksi la breka lililo karibu na mita. Nikabana clamp kwenye waya unaokwenda nyuma. Jonesia akawasha jagi.

Clamp ikasoma sifuri.

Kisha nikamkumbuka fundi wa Kashai. Nilikuwa nimebana nyaya zote mbili kwa pamoja, wa kwenda na wa kurudi, na hizo mbili zikibanwa pamoja zinafutana. Nikamwambia Jonesia azime. Nikatenganisha, nikabana mmoja tu. (Kama hujazoea boksi la breka, usifungue wewe. Mwite fundi. Nasema kweli.)

"Washa!"

Clamp ikasoma ampea nane. Nikageuza kitufe cha mita hiyo hiyo, maana inapima volti pia, nikapima volti kwenye soketi iliyo pale pale chini ya boksi: mia mbili ishirini na nne. Mashine ikaanza kulia huko nyuma. Nikapaza sauti, "Justus, sasa!"

Justus akajibu kutoka chumbani, "Mia moja sabini na sita!"

"Zima jagi!"

Mashine ikanyamaza, Justus akaiwasha upya, ikaendelea. Nilikimbia chumbani. Tata alikuwa amefumba macho, anahema, lakini alinyanyua kidole kuonyesha yuko sawa.

Nikakaa kwenye kigoda pale pale na kufanya hesabu kwenye kiganja kwa peni, maana sikuona karatasi.

Kwenye boksi kuna volti 224. Chumbani kuna 176. Zimepotea 48 njiani, ndani ya nyumba yetu wenyewe. Umeme unaoingia ulikuwa mzima.

48 gawanya kwa ampea 8, ni omu 6.

Waya mzima wa umbali ule, kwenda na kurudi, haufiki hata omu moja. Kwa hiyo kuna mahali njia imebana vibaya sana.

Mashine ile imewekewa kinga: volti zikishuka mno, inalia na kukata. Kwa hiyo haikuwa mbovu, na Justus hakuwa anasema uongo. Jagi likiwashwa, mashine inakosa msukumo. Mchana hakuna anayechemsha maji ya kuoga, ndiyo maana mchana haikati.

Nilipumua. Nikataka kuinuka nimpigie Elisha saa ile ile.

Kisha nikaikumbuka ile hesabu ya pili, ya wati.

48 mara 8, ni 384.

Wati mia tatu themanini na nne. Nguvu haipotei hivi hivi, inageuka kuwa kitu. Na kwenye waya inageuka kuwa joto. Yaani kila Jonesia anapochemsha maji, asubuhi na jioni, mahali fulani ndani ya nyumba kunakuwa na moto sawa na balbu nne za zamani za wati mia, zimerundikwa pamoja mahali penye nafasi ya yai. Hazionekani. Zinachoma tu.

Nikainua macho nikatazama dari.

"Justus," nikamwita taratibu. "Waya wa huku ulipitisha wapi?"

"Juu ya korido."

"Ni waya mmoja mzima?"

Akatazama chini.

"Kuna kiungo, dada. Waya wa shaba haukufika. Nilikuwa na kipande cha alumini, nikaunga."

"Uliungaje?"

"Nilisokota. Nikafunga selotepu."

Wakuu, shaba na alumini hazisokotwi pamoja. Zikikaa, zinaota kutu kati yake, kiungo kinalegea, kinapata joto, joto linazidisha kutu, kutu inazidisha joto. Ni mzunguko usiorudi nyuma.

Sikumwambia hayo wakati ule. Nilimwambia, "Tunamhamisha Tata sasa hivi. Sebuleni. Halafu tunazima breka ya huku."

Kulikuwa na tatizo moja. Kutoka chumbani hadi sebuleni, mashine inabidi ichomolewe, ibebwe, ichomekwe upya, na Tata apite hapo katikati bila chochote. Mtungi wa akiba hatukuwa nao.

Jonesia alitangulia na mashine, kitoto amekiacha kwa jirani. Justus alimbeba baba yake mikononi kama mnavyobeba mtoto aliyelala garini. Mimi nilitembea pembeni nimeshika mrija ambao haukuwa na kitu ndani yake. Pale kwenye korido Tata alianza kuvuta hewa kwa sauti, shingo imekakamaa. Justus alikuwa anamwambia sikioni kwa Kihaya, polepole, kwa lile neno letu la heshima, waitu, tumefika, tumefika.

Jonesia akachomeka. Mashine ikaunguruma. Tukamlaza kwenye kochi, nikamrudishia mrija puani, na sote tukakaa sakafuni tukisubiri kifua chake kitulie.

Kilipotulia, nikazima breka ya nyuma. Justus akaleta ngazi.

Alipanda mwenyewe na tochi ya simu, akasukuma ubao wa dari. Nilisikia amesema, "Ee Mungu wangu."

Akashuka, nikapanda mimi.

Selotepu ilikuwa imeyeyuka, imechuruzika kama nta. Plastiki ya waya imebabuka hadi waya uko uchi. Kiungo kilikuwa kimelalia boriti, na boriti pale ilikuwa imegeuka mkaa, upana wa kiganja changu. Nilipogusa kwa kidole ikamomonyoka. Na kando yake, karibu kuliko ninavyoweza kueleza, panya walikuwa wametengeneza kiota cha majani makavu ya mgomba.

Chini ya dari hiyo ndipo walipokuwa wanapita kwenda kulala, Justus, Jonesia, mtoto, na mzee asiyeweza kuinuka kitandani.

Niliposhuka nilimkuta Justus amekaa chini ameegemea ukuta, analia bila sauti.

Alisema, "Ningewaua wote."

Nilikaa karibu yake. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakumwita fundi.

Akasema hospitali walimruhusu Tata mapema kuliko tulivyotarajia. Fundi anayemjua alikuwa safarini. Tata alikuwa anauliza kila asubuhi, leo naenda nyumbani? "Nilishindwa kumwambia asubiri, dada."

Ndiyo hivyo wakuu. Hesabu ile ile iliyomsafisha ndiyo iliyomtia hatiani, kwa namba zile zile. Hakuwa anazima mashine ya baba. Ila kilichoizima kilikuwa kazi ya mikono yake, na aliifanya kwa upendo.

Nilimpigia Elisha mbele ya Justus, nimeweka spika. Nilimweleza yote, sikuficha kiungo. Nilimsomea volti, ampea, omu na wati. Elisha ni mhasibu, namba anazielewa.

Akaomba nimsomee tena zile namba.

Kisha akasema, "Mpe Justus simu. Toa spika."

Justus akasikiliza. Alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo kaka... Ndiyo... Yameisha, kaka." Sijui waliongea nini na sikuwahi kuuliza. Ila gari la Jumapili halikuja.

Fundi mwenye leseni alikuja kutoka Muleba mjini, akavuta waya mpya mzima wa shaba wenye breka yake, akatoa kile kipande. Nilipima tena jagi likiwa limewashwa na mashine inafanya kazi. Tofauti kati ya boksi na chumbani ilikuwa chini ya volti mbili. Tata akarudi kwenye dirisha lake.

Lakini kuna jambo lilitokea kabla sijaondoka, na ndilo hasa lililonifanya niandike uzi huu. Hesabu ningeweza kuwafundisha bila kumhusisha baba yangu.

Nilikuwa nimekaa naye peke yangu. Nikamwambia, "Tata, walisema Justus anakuzimia mashine."

Akatikisa kichwa. Akavuta pumzi kwanza, maana kila sentensi ilimgharimu.

"Alikuwa anazima... ili isilie. Halafu ananipepea. Kwa gazeti. Mpaka iwake."

Nikashindwa kujizuia. "Mbona hukumwambia Elisha? Mbona hukumwambia shangazi?"

Tata akanitazama, hakuwa na hasira.

"Hakuna aliyeniuliza."

Wakuu, shangazi alikuwa chumbani. Elisha alimwona kwa video. Wote walizungumza juu yake, kuhusu yeye, kwa ajili yake. Hata mimi nilikuwa nimebeba mita mbili kutoka Bukoba. Shahidi alikuwa amelala pale pale, akili yake timamu, ameona kila kitu, na tulikuwa tumeshamhesabu kama samani kwa sababu anaongea polepole.

Tata aliishi hadi kahawa ilipoanza kuiva. Alifariki asubuhi moja baada ya kunywa uji, mashine inafanya kazi vizuri, Justus akiwa amemshika mkono. Mapafu ndiyo yalifika mwisho, kama daktari alivyosema. Mchungaji alihubiri kwa kifupi. Tulimzika kwenye kibanja chake, na Elisha na Justus ndio walioshika kamba pamoja kumshusha.

Nilichojifunza nitakisema kwa mpangilio wowote utakaokuja.

Umeme usipimwe kitu kikiwa kimepumzika. Soketi isiyo na mzigo itakudanganya kila siku. Washa kile kizito, jagi, pasi, hita, ndipo upime. Volti zikishuka sana chumbani lakini mwanzoni mwa waya hazishuki, kuna joto limejificha ndani ya kuta zako.

Jagi likianza kuchelewa kuchemka, taa zikififia ukiwasha pasi, au soketi ikiwa ya moto ukiigusa, hiyo si laana wala uzee wa vifaa. Ni njia imebana. Mwite fundi kabla moto haujajiita wenyewe.

Shaba na alumini msisokote pamoja. Kuna viunganishi maalumu, fundi anavijua. Na mnaouguza kwa mashine, mashine hiyo iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, isishirikiane na jiko.

Kuhusu ndugu, mimi si mtu wa kuwafundisha watu kuishi. Nasema tu kwamba tulikuwa karibu kabisa kumpoteza Justus akiwa hai. Yule anayekaa na mgonjwa kila siku ndiye atakayekutwa mkono uko kwenye swichi. Sisi tulio mbali mikono yetu ni misafi kwa sababu haishiki kitu.

Na mgonjwa akiwa na akili zake, muulize yeye. Msubiri amalize sentensi.

Niishie hapo. Mafundi wa umeme mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea, sitakasirika. Na nyie mnaouguza watu wa mashine vijijini, nina swali ambalo sisi hatukulipatia jibu zuri hadi Tata anaondoka: umeme ukikatika kijiji kizima, na mtungi uko mbali, mnafanyaje? Andikeni hapa chini. Kuna mtu leo jioni anampepea mzee wake kwa gazeti, na huenda anasoma.